Ganda la Korosho Ni la Nani?

Kila msimu, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, mkorosho wa Mtwara, Lindi na Ruvuma huzaa vitu vitatu, lakini mnada hupigwa kwa kimoja. Kiini ndicho kinachotafutwa. Ganda lake hupanda nacho meli hadi India na Vietnam, na huvuliwa huko. Bibo, lile tunda lenye juisi ya kuchoma koo, huachwa chini ya mti. Wanaohubiri utajiri wa mabaki ya matunda huyataja ganda na bibo kwa pumzi moja kana kwamba shida yao ni moja. Siyo. Bibo lipo ila halisubiri. Ganda linasubiri ila halipo.

Sauti nne zinazofuata nimezikalisha pamoja mimi mwenyewe. Hazina majina kwa kuwa si watu mahususi. Ni hoja zinazovutana kila mtu anaposema kuwa kwenye taka za korosho kuna dawa, rangi na mafuta ya viwandani. Nami sitajizuia kudakia.

MKEMIA: Shikamoo mzee, shikamoo mama. Niruhusuni nianze na ganda. Ukilipasua utaona kati ya kuta zake mbili kuna kitu kama sifongo kilichojaa mafuta mazito ya kahawia. Karibu robo ya uzito wa ganda ni mafuta hayo, na hayafanani na ya alizeti wala ya nazi. Asilimia 60 hadi 70 ni asidi anakadiki, inafuata kadoli, halafu kadanoli kidogo. Zote tatu zina kichwa cha fenoli na mkia mrefu wa kaboni 15. Kichwa kinashikamana na vitu vingine, mkia unanyumbulika. Viwanda vinavyotumia fenoli ya petroli vikitaka mkia kama huo lazima viubandike kwa gharama. Mkorosho unautoa bure.

MZEE MKULIMA: Marahaba, binti. Hapo penye "bure" tutaparudia.

MKEMIA: Tutaparudia, mzee. Mafuta hayo yakipashwa moto mkali, asidi anakadiki hutoa kaboni dioksaidi na kugeuka kadanoli. Kadanoli ikichanganywa na formaldehaidi huganda kuwa resini ngumu, resini husagwa, na unga wake hutiwa kwenye pedi za breki kwa sababu unastahimili joto la msuguano. Wengine huigeuza kuwa kigumishi cha rangi za meli, rangi inayoshika hata penye baridi na unyevu. Japani wamewalisha ng'ombe kiasi kidogo cha mafuta haya ili kupunguza methani wanayoibeua. Sisi tunayachoma.

MFANYABIASHARA: Mimi ndiye ninayechoma, kwa hiyo nijibu. Korosho kabla ya kubanguliwa hupigwa mvuke ili ganda lisivunjike ovyo na kiini kitoke kizima. Mvuke unataka moto. Ganda linawaka kuliko kuni, na siendi kulinunua msituni. Ukiniambia nilikamue, niambie na kesho nitachoma nini.

MKEMIA: Utachoma mashudu yake. Ganda lililokamuliwa bado linawaka vizuri, na moshi wake una nafuu, maana ule ukali unaowaliza majirani zako unatokana na hayo hayo mafuta.

MFANYABIASHARA: Nimekubali moshi. Twende kwenye hesabu. Kilo 100 za korosho ghafi zinanipa kiini kilo 20 hadi 25, na maganda kilo 65 hadi 70. Mashine ya kukamulia haimalizi mafuta. Nikipata kilo 13 nimeshukuru. Basi tani 100 za korosho, ambazo kwa kiwanda kidogo si mchezo, ni tani 13 za mafuta. Hazijazi hata kontena moja. Na mnunuzi wa mafuta haya haji na ndoo. Anataka makontena, tena la leo lifanane na la mwezi uliopita: maji yale yale, uchafu ule ule, uzito ule ule. Wahindi, Wavietnamu na Wabrazili wanampa hivyo. Mimi nimpe mapipa ya Novemba, halafu nimwambie asubiri hadi nipate tena mtaji wa kununua korosho?

MAMA MBANGUAJI: Mmemaliza kuhesabu mafuta? Sasa niwahesabie mikono. Ukikata korosho kwa mashine ya mkono, ganda linatema. Tunajipaka majivu, tunajipaka mafuta ya kula, tunaendelea. Ngozi inaungua, inakuwa nyeusi, inachunika. Glavu zikija, zinakuja mara moja na mgeni wa picha. Miaka yote hayo mafuta yakitula mikono hayakuwa na bei. Leo yana jina refu na bei ya dola. Nauliza tu: yalipokuwa taka, kidonda changu nacho kilikuwa taka?

MKEMIA: Mama, hapo huna mpinzani. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja. Utomvu wa embe bichi unaowatoa watoto vidonda mdomoni ni jamaa wa mafuta haya, na kule Marekani kuna majani ya porini ya ukoo huo huo yanayowababua watu ngozi. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama. Ndiyo maana nataka kikamuliwe kwa mashine iliyofungwa, kisiishie viganjani mwa watu.

Nadakia hapa, kwa sababu kuna jambo ambalo mkemia amelipita na mfanyabiashara hapendi kulitaja. Kiwanda cha kadanoli kinahitaji maganda, na maganda yanahitaji ubanguaji. Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia vikajengwa viwanda 12 vya kubangua, kwa mitambo ya Kijapani na ya Kiitalia. Vilipokuwa vikikamilika, korosho zenyewe zilikuwa zinapotea: watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, ubwiriunga ukavamia maua. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani 16,500 hivi. Viwanda vingi viligeuka maghala. Zao lilifufuka baadaye, na msimu wa 2017/18 lilivuka tani 300,000, lakini sehemu kubwa mno huondoka ghafi.

Piga hesabu. Katika kila tani inayopakiwa bandarini Mtwara, zaidi ya kilo 650 ni ganda. Kwa msimu wa tani 300,000 hayo ni maganda tani 200,000 hivi, na ndani yake kuna mafuta yanayoweza kukaribia tani 40,000. Tunalipia nauli ya baharini kwa kitu tunachokiita taka. Anayekuja na mpango wa kiwanda cha kemikali kusini, asianze kunionyesha picha ya mtambo. Anionyeshe kwanza korosho zitakazobanguliwa.

MZEE MKULIMA: Sasa tuparudie pale penye "bure". Korosho zangu zinapimwa hivi: wanachukua sampuli, wanazikata, wanapima viini, wanasema gunia la kilo 80 litatoa ratili kadhaa za kiini. Bei inatoka hapo. Ganda halina mstari kwenye karatasi. Kwa hiyo mimi ninapouza kilo moja, thuluthi mbili za mzigo nimetoa sadaka. Mti nimeupulizia salfa mimi, palizi nimefanya mimi, sadaka inapokelewa na mtu nisiyemjua.

MFANYABIASHARA: Mzee, usidhani mafuta ya ganda yana bei ya kiini. Ni sehemu ndogo sana ya fedha.

MZEE MKULIMA: Ndogo kiasi gani?

MFANYABIASHARA: Ndogo, lakini inatosha kuniumiza. Nikikaa mnadani na mnunuzi wa Vietnam, yeye anajua akifika kwao atauza kiini, atauza ganda au mafuta yake, na kiwanda cha jirani yake kitayanunua siku hiyo hiyo. Mimi nauza kiini tu. Kwa hiyo anaweza kuongeza shilingi kadhaa kwenye kilo na bado akapata faida, mimi nikiongeza nimekufa. Watu wanasema hatubangui kwa sababu hatuna mashine. Mashine zinanunulika. Wenzetu wanaishi kwa vile vidogo vidogo vya pembeni, sisi tunavichoma.

MKEMIA: Hiyo ndiyo hoja yangu, kaka, umeisema kwa lugha ya soko.

MFANYABIASHARA: Hapana, yako ni tofauti. Wewe unataka nitengeneze krimu.

MKEMIA: Sijasema krimu! Nimesema kuna kazi imefanyika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetafiti kemia ya mafuta ya ganda kwa miaka mingi. Egid Mubofu na wenzake wameandika mengi kuhusu jinsi ya kuyageuza kuwa bidhaa zenye thamani. Mwaka 2019 watafiti wa Afrika Kusini, Ujerumani, Malawi na Tanzania walionyesha kuwa molekuli zake zinaweza kuundwa upya ziwe vichujio vya mionzi ya jua, vya kutiwa kwenye mafuta ya ngozi au plastiki. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanatengeneza mafuta ya kuwakinga na jua wenzetu wenye ualbino. Huoni kuwa siku moja njia hizo mbili zinaweza kukutana?

MFANYABIASHARA: Siku moja. Ulaya kichujio cha jua hakiruhusiwi mpaka kiwe kwenye orodha, na kuingia kwenye orodha hiyo ni miaka na mamilioni. Nani atalipa wakati boila yangu inasubiri kuni?

Hapa namwunga mkono mfanyabiashara, ingawa nakereka. Watafiti wetu wana tabia ya kuruka kutoka kwenye ganda hadi kwenye chupa ya dukani, na katikati wanaacha bonde. Katikati hapo ndipo penye mafuta ghafi yaliyochujwa vizuri, yenye maji kidogo na ubora usioyumba. Si kitu cha kupigiwa picha. Ila hata hilo lina uamuzi wa kikemia ndani yake, na uamuzi huo hufanyika kabla mkemia hajaitwa: ukichoma korosho kwenye pipa la wazi, mafuta yanateketea, ukizikaanga ndani ya mafuta yao yenyewe, asidi anakadiki inageuka kadanoli, ukikamua ganda bila joto kubwa, asidi inabaki asidi. Aliyesimama kwenye moto ndiye anayeamua nini kitauzwa, na kwa kawaida hakuna aliyemwambia.

MAMA MBANGUAJI: Mnazungumza ganda tu. Na mabibo?

MKEMIA: Mabibo, mama, ni hazina nyingine. Vitamini C yake inaizidi ya chungwa mara nne au tano. Yana sukari, yana karotenoidi za rangi ya manjano, yana tanini, ambazo ndizo zinazokaza ulimi. Na ni mengi: bibo moja laweza kuwa na uzito mara nane au zaidi wa korosho yake. Zidisha kwa mavuno ya nchi, unapata zaidi ya tani milioni mbili kwa msimu.

MFANYABIASHARA: Milioni mbili za maji.

MKEMIA: Asilimia 85 au zaidi, ndiyo, ni maji.

MZEE MKULIMA: Na ni maji yenye haraka. Binti, umewahi kuvuna? Korosho hatuchumi, tunaacha idondoke, ndipo imekomaa. Bibo linaanguka nayo mchangani, linapasuka. Limeanguka asubuhi, jioni lina nzi, kesho yake ni pombe. Nikitaka kukupa bibo zuri nilichume mtini kwa mkono, na nikilichuma mapema korosho yake haijakaza. Niache korosho yenye bei nifuate bibo lisilo na bei?

MKEMIA: Brazil walilikuta tatizo hilo hilo. Embrapa, shirika lao la utafiti wa kilimo, wakatoa mikorosho mifupi. Uitwao CCP 76 unajulikana kwa mabibo ya kula, na watu huyachuma wakiwa wamesimama chini. Jimbo la Piauí wana kinywaji kiitwacho cajuína: maji ya bibo yanatiwa gelatini, tanini zinashikamana nayo na kuzama, yanachujwa, yanafungwa kwenye chupa na kuchemshwa humo humo hadi sukari inayapa rangi ya dhahabu. Hakuna kilevi. Anayetajwa kuwa aliyekibuni ni mfamasia Rodolfo Teófilo wa Ceará, na mwaka 2014 serikali yao ilikiandikisha kuwa urithi wa taifa. Hata makapi yanayobaki, Embrapa wameonyesha jinsi ya kuyakamua kwa maji, bila kiyeyusho kikali, yakatoa rangi ya manjano ya kutia kwenye vyakula.

MAMA MBANGUAJI: Brazil wameandikisha urithi. Na Goa, kule India?

MKEMIA: Goa wanatengeneza feni, pombe kali ya mabibo. Tangu 2009 jina hilo linalindwa kisheria kwa bidhaa ya Goa.

MAMA MBANGUAJI: Basi sikilizeni. Mnasema bibo linatupwa. Nani amewaambia? Uraka, ile pombe yetu, unatoka wapi? Na kochoko, yale mabibo tunayoyakausha juani hadi yanakuwa kama ngozi, tunayaweka hadi masika, tunayauza, ada ya shule inatoka humo. Pombe hiyo kwa Mhindi ni hati ya serikali, kwangu ni polisi mlangoni. Sisemi gongo ni nzuri, nimezika watu. Nasema mtu akija na lori kuchukua "taka", ajue anachukua kitu chenye wenyewe.

Mama ametaja kitu ambacho wataalamu hawakiweki kwenye michoro yao. Kochoko ni teknolojia. Tazama viwanda vya pektini. Pektini, ile inayoshikisha jemu, hutolewa kwenye maganda ya machungwa na ndimu, na mojawapo ya viwanda vyake vikubwa duniani kipo Lille Skensved, Denmark, nchi isiyo na shamba la michungwa. Kinawezekana kwa sababu maganda huko Amerika Kusini huoshwa na kukaushwa, na kikavu husafiri. Tatizo la kwanza la mabaki ya matunda ni maji, popote pale, na wanawake wa kusini walilitatua kwa mkeka na jua. Jua linaharibu vitamini C, hilo halina ubishi, lakini tanini na nyuzi hubaki. Anayetaka kufanya kemia ya bibo kusini angeanza kwa kuboresha ule mkeka: chanja iliyoinuliwa kutoka mchangani, wavu wa kuzuia nzi, paa la plastiki. Halafu ndiyo azungumze maabara.

MZEE MKULIMA: Na ardhi je? Bibo likioza chini ya mti halijapotea. Linarudi.

Hoja hiyo ya mzee si ya kupuuzwa, na ina ushahidi wa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Costa Rica, kampuni ya juisi ilikubaliana na hifadhi ya Guanacaste imwage maganda ya machungwa, tani 12,000 hivi, kwenye malisho yaliyochoka. Wanaikolojia Daniel Janzen na Winnie Hallwachs ndio waliobuni mpango huo. Kampuni shindani ikashtaki kwamba hifadhi inachafuliwa, ikashinda, mpango ukafa. Watafiti waliporudi miaka 16 baadaye walikuta msitu. Uzito wa miti na mimea juu ya ardhi ulikuwa umezidi wa eneo la jirani kwa asilimia 176. Yalikuwa maganda tu, bila mtambo wala kiyeyusho. Kwa hiyo anayetaka kutoa kitu kwenye mabaki ya tunda ana mshindani ambaye halipwi mshahara, na ni lazima athibitishe kuwa anachotoa kinazidi kile ambacho udongo ungepata. Kwa ganda la korosho ushindi ni rahisi, maana ganda bichi si mbolea ya kutamani. Kwa bibo, sijashawishika kwamba kila bibo linastahili kiwanda. Mengi yabaki pale pale.

MFANYABIASHARA: Basi tuseme la kufanya, jioni inaingia. Mimi siwezi kununua mashine ya kukamua peke yangu. Lakini vikundi vya ubanguaji vya Newala, Tandahimba na Masasi vikileta maganda mahali pamoja, na viwanda vidogo viwili vitatu vikaungana, tunajaza makontena. Tunaanza na mafuta yaliyochujwa, basi. Mkemia atupimie kila pipa, ampe mnunuzi karatasi anayoiamini. Krimu baadaye.

MKEMIA: Nakubali. Ila ganda lisikae wiki tatu kwenye mvua kabla ya kuja.

MAMA MBANGUAJI: Sijakubali bado. Kwenye kikundi nalipwa kwa kilo ya kiini. Ganda linapimwa kwenye mizani ya nani?

MFANYABIASHARA: Mama, ganda linatoka na korosho niliyoinunua mimi.

MAMA MBANGUAJI: Na mkono wangu. Weka bei ya ganda, hata ikiwa shilingi 20 kwa kilo, iandikwe kwenye karatasi yake peke yake, na glavu zikatwe kwenye fedha ya mafuta, si kwenye ujira wangu.

MZEE MKULIMA: Na mimi kwenye mnada, karatasi ile ile iwe na mstari wa ganda. Hata kama wataandika sifuri mwaka wa kwanza.

MFANYABIASHARA: Sifuri ya nini sasa?

MZEE MKULIMA: Ili mwaka wa pili niulize kwa nini ni sifuri.

MKEMIA: Na mabibo, mzee? Ukitengewa mikorosho kumi, uchume kwa mkono, tujaribu juisi?

MZEE MKULIMA: Kumi nitakupa. Nitachuma alfajiri, niyapange kwenye kreti, nisubiri gari lako barabarani hadi saa nne. Ikifika saa nne na robo, ni ya mama huyu.